Kindi na Mmea wa Kaburini

Mjane alipiga magoti haraka, akauzuia mguu wa mkaguzi kwa kiganja. "Taratibu, bwana. Utaukanyaga."

Mkaguzi wa mazingira akarudi nyuma. Juu ya jiwe la kaburi palikuwa na mmea bapa, kijani kilichokolea, umejibandika kama vipande vya maini.

Barabara mpya ilikuwa inakuja. Ingepita ama hapa, makaburi yafukuliwe, ama nyuma ya ukuta, ile miti mirefu ikatwe. Neno la mkaguzi ndilo lingeamua.

"Na kindi wangu je?" aliuliza wifi wa mjane, dada wa marehemu aliyezikwa hapo, aliyelea wanyama yatima kwenye kituo cha jirani. "Miti ile ndiyo nyumba yao. Wanatandaza ngozi ya ubavuni, wanaelea toka mti hadi mti. Wana damu, wananyonyesha kama sisi. Wifi, tuwaue kwa ajili ya ukoga?"

"Si ukoga." Mjane alikuwa mfanyakazi wa bustani ya mimea. "Hauna ua, hauna mbegu, hauna hata mizizi. Ukoo wake ulishatoka majini kabla hao kindi wako hawajaota mkia."

"Kaka atahamishwa kwa heshima zote. Mwenyewe angekubali, maana alipenda wanyama kuliko watu."

Mjane hakucheka. Aliinuka, akasimama kati ya wifi yake na jiwe.

Mkaguzi aliitazama miti, kisha jiwe. "Kindi wa aina hii wapo pia msitu wa ng'ambo, na mti mmoja ukianguka wanarukia mwingine. Mmea huu hatujauona kwingine kokote. Jiwe likisogezwa tu, umekufa." Akafunga mkoba wake. "Kaburi lisiguswe. Si sasa, si baadaye."

Alipoondoka, wifi mtu alinuna kidogo, halafu akamshika mjane bega.

"Haya, umenishinda. Miaka yote hii unakuja kulimwagia maji jiwe hili, jua liwake, mvua inyeshe. Kweli ulimpenda kaka yangu."

Mjane aliinamisha kichwa. Siku ya maziko, udongo ulipoanza kumwagwa, yeye aliyesimama karibu na shimo kuliko wote alisikia jeneza likigongwa kutoka ndani. Ndipo alipoangua kilio, akalia kwa sauti ya kuufunika mgongo ule, mpaka shimo likajaa.