Hodi Isiyojibiwa

Kompyuta ya Bi Mwanahawa ilikuwa ikiunguruma tangu asubuhi, moto kama pasi. Kudra, fundi wa mtaa, alivuta kiti cha mikono kilichokuwa karibu, akakaa na kutazama kinachoilemea.

"Ni hii Mwangalizi, mama. Imekula karibu kumbukumbu yote. Prosesa haipumui."

Kila nyumba ilikuwa na programu hiyo kwa sheria. Iliandika kila mkazi yuko wapi na anafanya nini, na haikuruhusiwa kuacha pengo. Asiyeonekana, ilimkisia kwa mazoea yake.

"Mzee Mbaruku bado anahesabiwa mkazi," Kudra alisema.

"Nani angekwenda kumfuta? Tangu tumzike nimo edani, sitoki."

Kudra alifungua kazi iliyokwama. Programu ilikuwa imekisia kwamba marehemu amerudi kutoka msikitini. Alikuwa mlangoni akipiga hodi, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alipiga tena na tena, na kila hodi ilihifadhiwa.

"Hakuwa mtu wa kuingia bila kukaribishwa," Bi Mwanahawa alisema taratibu. "Hata kwake mwenyewe."

"Niizime tu, mama?"

"Tumwache mtu mlangoni?" Aliinamia kipaza sauti. "Karibu, baba Zuhura."

Feni ikatulia. Kumbukumbu iliyoliwa ikarudi yote. Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja: Ameingia, anaelekea kwenye kiti chake.

Kudra alijikuta ameshasimama, anakipangusa kiti kwa kiganja.