Siku Tatu Ambazo Bi Nunuu Hakuwa Sokoni

Tangu kamera zipewe neno la mwisho, ushahidi wa binadamu haukupokelewa tena popote, na mahali gari lilipoonekana ndipo mwenyewe alipohesabiwa kuwapo. Kwa hiyo Bi Nunuu alifika kwa karani wa maegesho ya soko akijua ana kazi.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi," karani alicheka.

"Nilikuwa hapa siku tatu, na siku hizo hizo nilikuwa Pangani nikimzika dada yangu."

"Umenishinda. Nakupa mji, toa jibu!"

"Kamera yenu iliniona nikiingia, haikuniona nikitoka."

Karani akaacha kucheka. "Pole, bibi. Kamera ya nyumbani kwa marehemu ikikuonyesha hata dakika moja, tozo ya siku tatu tunaifuta. La sivyo, itaandikwa ulikuwa hapa."

Bi Nunuu akainama. Kamera hiyo aliifunika kwa kanga yeye mwenyewe, maana chini yake ndipo alipomwoshea dada yake. Hadi matanga yanaanuliwa, hakuna aliyekumbuka kuifunua.

"Basi andika," alisema.

Hajafika hata nyumbani, simu ikaita. Ni Shemsa, binti wa marehemu, aliyekuwa ng'ambo na hakuwahi maziko.

"Mama mdogo, nimesoma kumbukumbu za kamera. Kumbe hukuja? Nawe ulinambia ulimwosha mama."

"Nilimwosha, mwanangu. Wallahi, hata lile kovu la gotini nililipitishia maji taratibu."



"Kovu hilo unalijua tangu mkiwa watoto, mama mdogo," Shemsa alisema kwa upole.