Herufi Nene

Mshamu mpiga chapa alipanga tangazo kwa herufi za mbao nene, ndefu, zilizobanana, zisizo na mikia wala madoido. Ndizo alizozoea kwa mechi na minada, maana jina refu huenea mstari mmoja na kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Alipaka wino, akakandamiza karatasi, akamwonyesha Bi Rukia, ambaye mwanawe alikuwa hajulikani alipo siku ya nne sasa.

ANATAFUTWA HAMDUNI MAKAME.

Bi Rukia alishika meza. "Mshamu, mbona kama mwizi?"

"Nyembamba hazionekani kwa mbali, mama."

"Akiliona hili atazidi kukimbia. Aliondoka kwa sababu nilimpigia kelele. Na hizi nazo zinapiga kelele."

Mshamu alilitoa neno la kwanza, akaliacha jina. "Sasa tuweke nini?"

Bi Rukia alitazama mlangoni, viatu vya wapita njia vikikwaruza barazani.

"Weka: chakula chako nimekifunika."

Mshamu aliivuta droo ya herufi nyembamba. Bi Rukia akamshika mkono.

"Hapana," alisema. "Hilo lipige kwa zile nene."