Noti ya Kichwa Kidogo

Nashilu aliinua noti juu, akaielekeza kwenye jua kama alivyoona wenye maduka wakifanya, halafu akacheka peke yake.

Selina alimwona tangu ng'ambo ya barabara. Alikuwa anatoka mashine, ndoo ya unga kichwani. Meza yake alimwachia Nashilu amwangalizie, kama walivyozoea. Meza zenyewe zilikuwa zimegusana, chini ya bati moja, pale Karatu magari ya watalii yanapojaza mafuta kabla ya kupanda Ngorongoro.

"Dada Selina, njoo uone," Nashilu aliita. "Dola mia."

Selina akavuka. Unga ulikuwa bado wa moto lakini hakuutua.

Kila siku ilikuwa hivyo. Shanga zao walizinunua kwa mtu mmoja, bei moja. Lakini Nashilu alizaliwa kwenye boma huko juu Ngorongoro, anavaa shuka na hereni ndefu, na wazungu waliipita meza ya Selina kama wanapita ukuta, wakaenda kupiga picha na Nashilu. Selina wa kijijini Endabash, na gauni lake la kitenge, nani ampige picha? Hata madereva waliokuwa wakimtania yeye walikuwa wamehamia upande wa pili. Na Nashilu alikuja juzi tu, baada ya Pasaka. Selina alikuwa amekaa pale mpaka kiti kimeshika umbo lake.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho Nashilu hakuwa nacho. Sketi ya ngozi ya bibi yake, ya zamani, imejaa shanga alizozitunga bibi mwenyewe akiwa mwari ndani. Aliihifadhi chini ya meza, kwenye mfuko wa salfeti, isipate vumbi. Wazungu waliishika, wakauliza bei, wakairudisha polepole. Hakupunguza. Bei yake ilikuwa bei ya cherehani ya mtumba iliyokuwa kwa fundi Clemensi. Akiipata ile cherehani, basi, ataachana na meza, na vumbi, na Nashilu.

Mzungu aliyetoa hiyo noti alikuwa mama mwenye mvi. Alikuwa anarudi kwenye gari lake pale kituo cha mafuta, amebeba furushi jekundu la shuka kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mashuka tena, Selina aliwaza. Mashuka ya Nashilu yanaondoka kila siku. Gari halikuwa la wenyeji, na dereva wake, ambaye hakuna aliyemjua, alikuwa amelala chini anahangaika na tairi.

Nashilu akamsogezea noti karibu na uso.

Selina akaitazama, na moyo wake ukatulia. Yule mzee wa kwenye noti alikuwa na kichwa kidogo, kimefungiwa ndani ya duara la katikati. Ule mkanda wa bluu wa noti mpya haukuwepo. Ilikuwa noti ya zamani.

Alizijua. Mwaka jana alilipwa ya hamsini ya namna hiyo, akaizungusha Karatu nzima. Kila dirisha, la benki na la kubadilishia fedha, waliigeuza, wakamrudishia. Dada mmoja alimwambia kwa upole kwamba huko Marekani bado inatumika, ila hapa hakuna atakayeipokea. Mpaka leo Selina aliitumia kuwekea alama kwenye kitabu cha nyimbo, kanisani.

Nashilu hakujua. Angejulia wapi? Siku zote analipwa shilingi.

"Sasa ngoja nikuambie," Nashilu alianza, "huyu mama alivyokuja..."

"Utaniambia," Selina akamkata. "Hongera. Acha nikanywe chai, jua limenimaliza."

Akatua ndoo, akarudi ng'ambo, akakaa kwenye mgahawa mahali ambapo aliona kila kitu. Gari lilikuwa bado pale. Mzungu alikuwa dukani ananunua maji, na mkoba aliofungua ulikuwa mnene, una noti za kila rangi. Ilikuwa kazi ya kuvuka tu. Mama, hii ya zamani, tubadilishie. Kiingereza cha hivyo Selina alikuwa nacho.

Akaagiza chapati.

Alimwona Nashilu akiwa kwenye dirisha la kubadilishia fedha pale jirani, anarudishiwa noti. Aliona ile hereni ndefu inavyotikisika anapobisha. Atatembea mji mzima kama yeye alivyotembea, na picha zake zote hazitamsaidia. Aone na yeye.

Dereva akasimama, akapangusa mikono. Selina akashika kikombe. Miguu ilitaka kuinuka kidogo, akaikunja chini ya benchi. Mzungu akapunga mkono kuelekea kwenye meza, Nashilu naye akapunga wake wote mpaka bega. Gari likashika njia ya geti la Ngorongoro. Vumbi likapanda, likatulia.

Chai ilikuwa tamu siku hiyo. Akaimaliza yote.

Alipovuka kurudi alikuwa ameshaanza hata kumwonea Nashilu huruma. Akamkuta amekaa amefumba kiganja, anamsubiri, uso unang'aa.

"Haya," Selina alisema, akajivuta kwenye kiti chake. "Niambie sasa. Umemuuzia nini?"

Nashilu alimshika mkono, akamwekea noti kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Shika cherehani yako. Pale dirishani wameringa tu, benki wataipokea. Nimekomaa na bei yako ileile, haikupungua hata senti. Na shuka langu nimempa bure, afungie sketi ya bibi isipate vumbi njiani."