Isale la Elieza

Umati kutoka vijiji vya Mlima Meru uliingia nyumbani kwake Sekei ukiimba, "Mangi arudi!" Elieza, mwalimu mstaafu na mjukuu wa mangi, mtawala wa jadi wa Wameru, aliliona jani la isale mkononi mwa mzee aliyewaongoza. Kwa Wameru, anayeombwa kwa jani hilo hakatai. Naye hakutaka kutawala watu ambao hawakumpigia kura.

Kabla mzee hajanyoosha mkono, Elieza alichuma isale kwenye ua wake, akalifunga fundo, akapiga magoti na kumpa.

"Shikamoo, baba. Naomba mniache niwe raia."

Mzee alilitazama fundo, kisha akaangua kicheko.

"Umeniwahi, wewe! Hata kukataa unakataa kimangi. Haya jamani, turudini."

Elieza alishusha pumzi, akabaki papo hapo, tope likimpoza magoti.