Zohali ya Jioni Ile

Wilbroad aliweka mkono kwenye komeo la geti na hakuuondoa. Nje alisimama shemeji yake, Advera, beseni la mchele kichwani, vumbi la safari ya kutoka Igalula likiwa bado miguuni.

"Misa ilikuwa ya watu wote," Wilbroad alimwambia. "Hapa ni kwangu."

Advera alilishusha beseni, akalisogeza karibu na ukuta, akakaa kivulini kama mtu anayesubiri basi.

Watu waliojaa uani waliona, wakajifanya hawakuona. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Gaudensia, mke wa Wilbroad, afariki, na Kwihara nzima ilijua kwamba mgane huyo hajamsamehe mdogo wa mkewe. Katekista alishakuja kumsihi akachoka. Kila mara Wilbroad alimpa jibu lile lile. Jioni ile ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, Gaudensia na mdogo wake. Pumu ilimbana Gaudensia jikoni mpaka ikamkata roho. Yeye Wilbroad alikuwa hapo hapo uani, ukuta mmoja tu katikati, na hakuna aliyemwita. Daktari alisema angewahishwa angepona. Sasa ni mtu wa namna gani anayemtazama dada yake anakufa, naye kafumba mdomo?

Na si kwamba hakumuuliza. Jioni ile aliingia jikoni na furaha zake, akitaka kusema amempata Zohali, sayari ile yenye pete, vizuri kwenye darubini yake, akamkuta Advera sakafuni amempakata dada yake, vidole vya marehemu vimeng'ang'ania kanga ya Advera. Akamuuliza kwa nini hakumwita. Advera alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaangua kilio. Kwa Wilbroad, kilio kile kilitosha kuwa ungamo.

Darubini yenyewe aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Tangu Wilbroad astaafu ualimu, giza likiingia tu yuko nayo uani. Kila jioni alifunga simu kwenye darubini, akarekodi video ya sayari kwa dakika kadhaa, kisha kompyuta ikaikatakata vipande maelfu, ikatupa vilivyocheza na kuvipandanisha vilivyotulia, ikatoka picha moja safi. Sauti hakuwa na haja nayo, hata siku moja hakuisikiliza. Alichotaka ni utulivu, kwa sababu mtu akikanyaga kwa kishindo tu sayari inaruka kwenye kioo na kazi imeharibika. Wageni walikuwa wakisimuliwa habari hizo Gaudensia anacheka pembeni, anasema amepata mke mwenza mwenye pete kubwa kuliko yake.

Video ya jioni ile hakuwahi kuifungua. Moyo ulikataa. Lakini leo alitaka picha itakayotoka humo iwekwe kando ya picha ya Gaudensia, wazee wa pande zote mbili waione, kisha aseme lililomkaa rohoni mwaka mzima: kwamba Advera si ndugu tena wa nyumba hii, asikanyage hapa, na watoto wasimwite mama mdogo. Maneno alishayapanga. Ilikuwa imebaki kuyatoa.

Alimwita binti yake, Veneranda, aliyekuja na kompyuta kutoka Dodoma. Tangu asubuhi binti huyo alikuwa akiwapigia watu nyimbo za kwaya kwenye spika kubwa za jumuiya. Alizima wimbo, akamkaribia baba yake na kumwomba kwa sauti ya chini amruhusu mama mdogo aingie japo ale, mengine yatazungumzwa baadaye.

"Ukimfungulia, toka naye," Wilbroad alisema.

Veneranda alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Aliumia, lakini hakuwa mtu wa kumjibu baba yake mbele za watu. Alichomeka kadi ya ile simu ya zamani ya baba yake, akaitafuta video kwa tarehe, akaifungua ahakikishe ndiyo yenyewe. Spika hakukumbuka kuzichomoa.

Zohali akatokea, mdogo, wa manjano hafifu, akitetemeka kwenye joto la hewa. Wazee wakasogeza viti. Wilbroad aliinama, akawaonyesha pete kwa kidole, nyembamba mwaka ule kama uzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikalainika. Aliwaambia kwamba alipokuwa akiichukua hii, mwenzake alikuwa akipigania pumzi jikoni, na hakuna kiumbe aliyefungua kinywa kumjulisha.

Spika zikakwaruza. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, ya mbali, imezibwa na ukuta.

"Shemeji! Shemeji, njoo!"

Nje ya geti, Advera alisimama.

"Shemeji Wilbroad, njoo upesi!"

Ikafuata sauti ya mwanamume, karibu kabisa na simu, ya taratibu, ya mtu asiyetaka kusumbuliwa.

"Tulieni huko ndani. Chakula nitakula baadaye."