Isipoonekana

Siku hizi mtu akiamka, kumbukumbu zake hujipachika zenyewe kichwani. Ile ya kumjua mke wangu Nyamizi mimi huipachika kwa mkono, kutoka kwenye kidude inamohifadhiwa. Ndiyo desturi yetu wasafiri: ukiwa njiani unaichomoa ya nyumbani, isikuumize.

Sasa nimezeeka, nimetulia, na kila asubuhi namwamkia mke wangu, "Shikamoo, mama," mpaka aniletee kidude.

"Marahaba, mwanangu," hujibu akicheka. Leo hakucheka. "Baba Kabula, nimechoka kujitambulisha. Ipange ijipachike yenyewe."

Nikaanza kuipanga. Mashine ya kumbukumbu ikauliza: isipoonekana, uamke bila hiyo, au usubiri usingizini? Nami najua kidude kimechakaa kwa kuchomolewa na kurudishwa. Jirani yetu Mahona alichagua kusubiri. Mpaka leo amelala, wanamgeuza ubavu tu.

"Chagua kuamka," alisema Nyamizi. "Nitajitambulisha tena."

Kwa nani? Nitamwamkia, ninywe uji wake, nishukuru, nishike njia kama mgeni.

Nimechagua kusubiri. Sijamwambia. Yuko hapo anatandika kitanda, ananiuliza kesho nitaanza na uji au chai.

"Chochote," nimemjibu. "Wewe niamshe tu."